Shule inayoongoza iko mbali, ya karibu nimeipenda: nimwandikishe wapi mwanangu?

Shikamoo Mwalimu,

Safu hii naisoma kila inapotoka, na leo nina langu la kukuuliza.

Tumehamia mji mdogo kufuata kazi ya mume wangu. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, anaanza darasa la kwanza muhula ujao. Shule binafsi hatuzimudu, kwa hiyo tunachagua kati ya shule za msingi za umma. Ofisi ya elimu imetuambia tuko huru kuchagua yoyote ili mradi nafasi ipo. Zilizo katika uwezo wetu wa kufika ni tatu, na zote nimezitembelea.

Ya kwanza ndiyo inayosifiwa na mji mzima. Mwaka jana ilifaulisha asilimia 94 katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na miaka miwili iliyotangulia haikuwa mbali na hapo. Iko upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka nyumbani. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri ofisini, makombe yamejaa juu ya kabati. Ukutani kuna ubao wa takwimu za wanafunzi, nikanakili: darasa la kwanza 74, la tano 61, la mwisho 38. Nilipoomba kuchungulia darasa la kwanza niliambiwa siku hiyo haiwezekani, shule nzima iko kwenye maandalizi ya mtihani wa majaribio.

Ya pili ni ndogo na ina majengo mapya yanayong'aa. Matokeo yake kwa miaka mitatu mfululizo ni asilimia 72, 92 na 80. Darasa la mwisho lina watoto 25 tu, na la kwanza halifiki 30. Kuna chumba cha kompyuta, ingawa nilikikuta kimefungwa kwa kufuli. Kwenda ni basi moja.

Ya tatu tunaifikia kwa miguu, dakika kumi. Rangi imebanduka, madawati yamechoka, na darasa la kwanza lina watoto 58. Ufaulu wake haujatoka kwenye asilimia 78 hadi 80 kwa miaka mitatu, na darasa la mwisho lina watoto 55. Lakini huko waliniruhusu kukaa nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wanasoma sentensi moja moja kwa zamu. Mmoja akakwama kwenye neno "ng'ombe". Wenzake wakaanza kumnong'oneza, mwalimu akawanyamazisha kwa mkono, akachuchumaa pembeni yake, akafunika nusu ya neno kwa kidole gumba. Mtoto akasoma "ng'o". Akasogeza kidole, mtoto akasoma "mbe". Kisha akamwambia arudie sentensi yote tangu mwanzo. Nilitoka pale nimeshaamua.

Tatizo ni kwamba nyumbani sijaamua peke yangu. Wifi yangu ndiye aliyetupokea mjini hapa na tunamshukuru sana. Wanawe wawili walisoma shule ya kwanza na wote wanaendelea vizuri. Amesema mbele ya mume wangu kwamba kumpeleka mtoto shule ya tatu wakati ya kwanza ipo ni kumdhulumu. Mume wangu anamheshimu sana dada yake, na kwa kweli tarakimu ziko upande wao. Asilimia 94 na 79 si kitu kimoja. Mimi nina nini cha kuwaonyesha zaidi ya mwalimu mmoja niliyemwona kwa nusu saa?

Nauliza pia: tukichagua vibaya, tunaweza kumhamisha baadaye bila kumuumiza?

Mama mwenye fomu mkononi

*

Marahaba, mwanangu.

Una mengi ya kuwaonyesha kuliko unavyodhani, na baadhi yake umeyaandika bila kuyatilia maanani. Naanza na ule ubao wa ofisini.

Darasa la tano 61, darasa la mwisho 38. Hapo pana pengo la watoto 23, na kabla ya mtu yeyote kukutajia tena asilimia 94 ni lazima lielezwe. Maelezo yanaweza kuwa ya heri kabisa. Huenda mwaka ule waliandikishwa watoto wachache tangu darasa la kwanza, au familia nyingi zilihama kwa pamoja. Lakini yapo maelezo mengine ambayo kila mwalimu aliyekaa shuleni anayajua: mtoto dhaifu anakaririshwa darasa mwaka mmoja kabla ya mtihani, au mzazi anaitwa na kushauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine "itakayomfaa". Wanaobaki wanafanya mtihani, wanafaulu, na wastani unapanda bila mtoto yeyote kufundishwa vizuri zaidi.

Sitoi hisia tu. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kuchapisha nafasi za shule za msingi kitaifa na kiwilaya, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia matokeo ya shule za nchi nzima kuanzia 2011 hadi 2016. Waliona mambo mawili kwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliboresha matokeo kweli, na hilo ni jema. Lakini pia shule zilipunguza idadi ya watoto wanaofika darasa la mwisho. Shinikizo la orodha lilizaa ufundishaji na lilizaa mchujo, na mzazi anayetazama asilimia peke yake hawezi kuvitenganisha. Kenya ilipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo mwaka 2014, na mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule bora. Mijadala iliyotangulia maamuzi hayo ilikuwa mikali, na suala la kama orodha inaonyesha ubora halisi wa shule lilikuwa katikati yake.

Sasa kaa na mume wako na kalamu. Asilimia 94 ya watoto 38 ni watoto 36 hivi. Asilimia 79 ya watoto 55 ni watoto 43. Tuseme, na ni kusema tu mpaka uulize, kwamba darasa lile la 38 lilikuwa na watoto 60 miaka miwili nyuma. Hapo shule ya kwanza imefikisha watoto 36 kati ya 60, yaani asilimia 60. Ile ya tatu, ambayo darasa lake la mwisho ni kubwa karibu sawa na la kwanza, inaonekana inaingia na watoto wake wote kwenye chumba cha mtihani, wepesi na wazito. Kwangu shule inayobaki na watoto wake wazito na bado ikasimama kwenye asilimia 78, 80, 79 mwaka hadi mwaka imefanya kazi kubwa.

Usiende kumtuhumu mwalimu mkuu. Nenda umuulize kwa heshima: hawa watoto 38, walipokuwa madarasa mawili nyuma walikuwa wangapi, na waliopungua walikwenda wapi? Shule inayojua watoto wake itafungua daftari la uandikishaji na kukuonyesha uhamisho mmoja mmoja, na kama maelezo yananyooka, uyakubali. Akikujibu kwamba "wengine hawakuweza kasi yetu", umepata jibu, maana mwanao naye hujui atakuwa na kasi gani akifika darasa la tano.

Kuna la pili kuhusu wastani, na hili lina historia ndefu. Mwaka 1966 huko Marekani mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya laki sita. Wengi walitarajia ingeonyesha kwamba tofauti za matokeo zinatokana na tofauti za majengo, vitabu na fedha za shule. Ikaonyesha kwamba nyumba anakotoka mtoto ina uzito mkubwa zaidi kuliko hivyo vyote. Ripoti ile imebishaniwa miaka mingi na imesahihishwa hapa na pale, lakini hoja hiyo ya msingi haijang'oka: alama za wastani za shule zinakueleza kwanza ni watoto wa nani wanaosoma pale, na baada ya hapo ndipo zinakueleza kidogo shule inawafanyia nini.

Katika mji mdogo jambo hili linazidi. Shule ikishapata jina, wazazi wenye nafasi na ufuatiliaji wanaikimbilia, wanalipia masomo ya ziada jioni, wanakagua madaftari usiku. Watoto wanafaulu, jina linakua, na mwaka unaofuata wazazi wa aina hiyo hiyo wanakuja wengi zaidi. Mwalimu wa pale anaweza kuwa mzuri au wa kawaida kabisa, na orodha ya matokeo haitakwambia.

Wapo watafiti waliojaribu kulitenganisha jina la shule na mtoto mwenyewe. Njia yao ni nzuri na rahisi kuielewa: walichukua waliopata nafasi katika shule zinazosifika kwa alama chache juu ya mstari, na waliozikosa kwa alama chache chini yake. Hao ni watoto wanaolingana, ila mmoja ameingia na mwenzake ameachwa mlangoni. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo kwa shule za sekondari za kitaifa nchini Kenya na kuchapisha mwaka 2014. Mwaka huo huo Atila Abdulkadiroğlu na wenzake wakachapisha walichokiona katika shule teule za Boston na New York. Pande zote mbili walikuta kwamba kuingia shule yenye jina hakukuongeza alama za mtoto kwa kiasi cha maana. Zile ni sekondari na mwanao ana miaka ya darasa la kwanza, kwa hiyo usizichukue kama sheria. Lakini zinatosha kumfanya mtu apunguze hofu ya "kumdhulumu mtoto".

Kuhusu wana wa wifi: wamefanya vizuri, na ni haki ya mama yao kujivunia. Kwa mama anayefuatilia kiasi hicho hata masomo ya mtoto wa kaka yake, nina hakika wangefanya vizuri katika shule yoyote kati ya hizo tatu.

Shule ya pili nayo tusiiruke. Matokeo yake yanayumba, 72, 92, 80, na najua jinsi yalivyopokewa mjini: mwaka wa kwanza watu walisema imeshindwa, wa pili imefufuka, wa tatu imelegea tena. Darasa lina watoto 25. Kila mtoto mmoja ni asilimia 4. Asilimia 72 ni watoto 18, 92 ni 23, 80 ni 20. Kati ya mwaka mbaya na mwaka mzuri kuna watoto watano tu, na watoto watano wanaweza kupatikana au kupotea kwa homa ya wiki ya mtihani au kwa kundi moja lililokuja na watoto wengi wepesi. Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha hili waziwazi mwaka 2002 kwa shule za jimbo la North Carolina. Shule ndogo ndizo zilizokuwa zikijaa kwenye orodha ya waliong'ara, na ndizo zilizokuwa zikijaa kwenye orodha ya walioanguka, kwa sababu namba ndogo huruka. Matokeo ya shule ndogo kama hiyo yanahitaji kusomwa kwa miaka mitano au sita pamoja.

Kinachonivutia kwenye shule hiyo si majengo. Ni darasa la kwanza lenye watoto chini ya 30. Katika jimbo la Tennessee, kuanzia mwaka 1985, watoto wadogo waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine kwenye madarasa ya watoto 13 hadi 17, wengine kwenye ya 22 hadi 25. Waliokaa kwenye madarasa madogo walisonga mbele katika kusoma na hesabu, na waliofaidika zaidi ni watoto wa familia zenye hali ngumu. Kwa hiyo watoto 30 dhidi ya 58 si jambo la kulipuuza, na kama ningekuwa mumeo hiyo ndiyo hoja ambayo ningekutolea, kuliko ile ya asilimia 94. Shule hii inastahili kutembelewa tena. Omba kukaa nyuma ya darasa kama ulivyokaa ile ya tatu. Uliza funguo za chumba cha kompyuta anazo nani na chumba hutumika siku gani. Chumba kinachofunguliwa siku ya wageni tu usikihesabu kabisa.

Sasa nije kwa yule mwalimu wako wa nusu saa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi, na nikisoma ulichokiona naona mwalimu anayeijua kazi yake. Angeweza kumtajia mtoto neno. Ni haraka, na darasa la 58 lina haraka. Angeweza kuwaacha wenzake wamsaidie, na mtoto angerudia walichosema bila kusoma herufi hata moja. Yeye aliona mahali penyewe mtoto alipokwama, akamwondolea nusu ya mzigo, akamwachia nusu nyingine aibebe mwenyewe. Halafu akamrudisha mwanzo wa sentensi, na hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Mtoto aliyepambana na neno moja anakuwa ameshasahau alichokuwa anasoma, na asiporudishwa anajifunza kwamba kusoma ni kutamka vipande. Halafu unasema aliwanyamazisha wengine kwa mkono. Watoto 58 wa darasa la kwanza kunyamaza kwa ishara ya mkono ni kazi ya miezi, na haifanyiwi maigizo kwa sababu mgeni amekaa nyuma.

Mchumi Eric Hanushek alichapisha mwaka 1992 uchambuzi wa watoto wa mji wa Gary, Indiana, wengi wao wa familia zenye kipato cha chini. Waliopata mwalimu mzuri walijifunza kwa mwaka mmoja kiasi cha mwaka mmoja na nusu, na waliopata mwalimu dhaifu kiasi cha nusu mwaka. Ni mji mmoja, watoto wa aina moja, na tofauti ya mwaka mzima wa masomo imetokana na nani amesimama mbele ya darasa. Tafiti zilizofuata, za kwake na za wengine, zimezidi kuonyesha kwamba walimu wa shule moja hutofautiana wao kwa wao kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana swali la "shule ipi" ni pana mno. Swali lako ni: nani atafundisha darasa la kwanza muhula ujao?

Uliza shule zote tatu swali hilo kwa maneno hayo hayo. Katika shule inayoishi kwa sifa ya mtihani wa mwisho, mara nyingi walimu hodari hupandishwa madarasa ya juu, na darasa la kwanza huachiwa anayebaki, au mgeni asiye na uzoefu, au yule ambaye hakuna darasa jingine linalomtaka. Limeniuma miaka yote, na bado linaniuma. Mtoto akikosa kusoma darasa la kwanza na la pili, kila somo linalofuata anapewa kwa maandishi asiyoyaweza. Benki ya Dunia, tangu 2019, imefanya kipimo chake cha umaskini wa kujifunza kuwa hiki: mtoto afikapo miaka 10, je, anaweza kusoma na kuelewa habari fupi rahisi? Hiyo ni miaka michache tu kutoka mwanao alipo. Shule isiyonionyesha darasa lake la kwanza, na inayonieleza kwamba imeshughulika na darasa la mwisho, imeniambia vipaumbele vyake.

Lakini usimchague mwalimu mmoja ukafumba macho. Hakikisha mambo mawili kwenye shule ya tatu. Moja, kama yule mwalimu anabaki darasa la kwanza au anapanda na watoto wake wa sasa. Akiwa anapanda, muone atakayeshika nafasi yake. Mbili, wanafanya nini na wingi wa watoto 58. Muulize mwalimu: watoto wako kumi walio nyuma zaidi ni akina nani, na juma hili umewafanyia nini? Mwalimu anayejua atawataja bila kufungua daftari. Uliza kama darasa hugawanywa kwa makundi ya kusoma, na kama kuna wa kumsaidia hata kwa vipindi vichache kwa juma. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule 121 za magharibi mwa Kenya. Zote zilipata mwalimu wa pili wa darasa la kwanza, na katika nusu yake watoto wakagawanywa kwa kiwango chao. Katika shule hizo zilizogawanya kwa kiwango watoto wote walipiga hatua zaidi, waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma, maana mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipo. Wingi hautatoweka, ila kuna shule zinazoupangia mkakati na kuna zinazoulalamikia tu.

Omba pia kuona daftari la mtoto, na usilipokee lile la juu kabisa kwenye rundo, ambalo huwa la mtoto bora. Vuta la katikati. Tazama tarehe: kazi zinafuatana au kuna mapengo ya wiki nzima? Tazama kalamu ya mwalimu: ni alama ya vema ukurasa mzima bila kusomwa, au kosa limezungushiwa na mtoto akaandika tena sahihi chini yake? Kurasa kumi za daftari la mtoto wa kawaida zitakwambia mengi kuliko ile kabati ya makombe.

Kuhusu mabasi mawili sitasema sana, unalijua. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Hesabu anaamka saa ngapi ili awahi shule ya kwanza, anarudi saa ngapi, na nani atakuwa naye njiani kila siku ya mwaka, siku za mvua zikiwemo. Halafu fikiria ni mara ngapi wewe mwenyewe utafika huko kuzungumza na mwalimu. Shule ya dakika kumi utaingia hata ukiwa na la kuuliza dogo. Ya mabasi mawili utakwenda ukiitwa.

Msimamo wangu basi: kwa uliyonieleza ningemwandikisha shule ya tatu, na ya pili ningeiweka kama akiba hadi nione darasa lake la kwanza likifundishwa. Ya kwanza ningeirudisha mezani pale tu maelezo ya wale watoto 23 yatakaponyooka na nikaruhusiwa kukaa nyuma ya darasa.

Na wifi? Usiende kwake na majina ya watafiti niliyokutajia, utaonekana umekuja kumfundisha. Mzungumzie mume wako kwanza, mkiwa wawili, na usimwekee mezani uamuzi uliokwisha kata, maana yeye pia ni mzazi na hofu yake ni ya haki. Mwambie: "Baba fulani, naomba twende wote asubuhi moja, shule ya kwanza na ya tatu, tukae nyuma ya darasa la kwanza, halafu tuzungumze." Akiona mwenyewe hatahitaji kuchagua kati ya mkewe na dada yake. Wifi mshirikishe kwa kumuuliza anachokijua kweli: wanawe walipokuwa darasa la kwanza nani aliwafundisha kusoma, alikuwaje, na bado yupo? Huenda akakutajia mwalimu hodari ambaye bado anafundisha darasa la kwanza pale. Hapo utakuwa umepata habari inayoweza kubadili mawazo yako, nawe uwe tayari yabadilike. Huenda pia akakumbuka kwamba kusoma aliwafundisha mwenyewe nyumbani. Vyovyote, muahidini jambo moja linalopimika: mwisho wa muhula wa pili mtoto atakaa mbele yake na kusoma ukurasa wa kitabu asichowahi kukiona. Shangazi akisikia mtoto anasoma, mazungumzo ya shule yatakuwa mepesi.

Umeuliza kuhusu kuhamisha. Mtoto akihamishwa mara kwa mara anaumia kimasomo na kiurafiki, hasa katikati ya mwaka, maana anakuta wenzake wameshapita mada fulani na yeye hajui hata pa kukaa. Kuhama mara moja, mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu inayoeleweka, watoto wengi hukumudu. Kwa hiyo msihame kwa sababu orodha ya matokeo imebadilika. Hameni kama ikifika katikati ya darasa la pili mtoto hasomi sentensi fupi na mwalimu hana maelezo ya anachofanya, au kama mtoto anaogopa shule na uongozi hausikilizi. Kabla ya kufika huko, zungumza na mwalimu wa darasa, halafu mwalimu mkuu, halafu kamati ya shule, kwa mpangilio huo. Na mkiamua kuhama, chukueni nakala ya kumbukumbu zake za masomo, na mumpeleke mtoto akaone shule mpya kabla ya siku ya kwanza.

Niandikie mkishatembelea mkiwa wawili, uniambie mwalimu mkuu wa shule ya kwanza amejibu nini kuhusu wale 23.